Kabla Hujanunua Pampu ya Petroli ya Gari la Zamani, Uliza Mpira Wake Una Umri Gani

Barua za wasomaji kuhusu mfumo wa mafuta zinanifikia nyingi kuliko za breki na umeme zikijumlishwa, na karibu zote zina kisa kimoja. Mtu ana gari la zamani analolipenda. Pampu ya petroli imechoka. Anatafuta kila kona mpaka anapata orijino kabisa, bado imo ndani ya boksi lake lililofifia rangi, nembo ya kiwanda inasomeka. Analipa bei inayouma kwa sababu ameambiwa orijino ni orijino. Anafunga, gari linawaka kwa raha, na muda si mrefu petroli inaanza kuchuruzika kwenye kitundu cha ubavuni mwa pampu, au mbaya zaidi, anavuta kijiti cha oili na kukuta kinanuka petroli. Muuzaji akiulizwa anajibu kwamba fundi ndiye aliyekosea kufunga.

Fundi hakukosea. Kilichokufa ni mpira, na ulifia stoo kabla haujaonja tone la petroli.

Wenye magari ya zamani wanabishana miaka nenda rudi kuhusu spea za orijino na spea za kampuni nyingine, na mabishano yote yanazunguka nembo. Sitapoteza nafasi kueleza kama spea inaingia mahali pake, kama mashimo ya boliti yanalingana au kama rangi inafanana na ile ya zamani. Hayo utayaona mwenyewe ukiishika mkononi. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho matangazo hayakionyeshi na picha haikitoi: mpira uliomo ndani umetengenezwa kwa kitu gani, na lini.

Mpira unavyokufa

Chukua pampu ya kampuni ya AC inayofungwa kwenye Land Rover Series yenye injini ya petroli ya cc 2,286. Kamshafti inasukuma mkono, mkono unavuta chini daiframu, yaani kiwambo chembamba cha mpira kilicho ndani ya pampu, petroli inaingia kupitia vali ya kwanza. Mkono ukilegea, springi iliyo chini ya daiframu inaisukuma juu na petroli inatoka kupitia vali ya pili kwenda kwenye kabureta. Kwa hiyo presha ya pampu haipangwi na mkono, inapangwa na springi. Chuma cha pampu hii hakina kazi ngumu. Bodi ikiwa haijapasuka na pini ya mkono haijalika, itaishi umri wa mwenye gari na bado imrithishe mwanawe. Kinachochoka ni kile kitambaa chembamba kilichopakwa mpira, upande mmoja petroli, upande wa pili joto na mvuke wa oili, nacho hupinda kila kamshafti inapozunguka.

Kikichanika, petroli ina njia mbili. Inaweza kutoka nje kupitia kitundu cha bodi, na hapo utaiona na kuinusa. Inaweza pia kuteremka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Njia hii ya pili ndiyo inayoua injini, kwa sababu oili inakuwa nyepesi, beringi zinasagika, na dereva hana wasiwasi maana kijiti kinaonyesha oili ipo tele.

Sasa turudi kwenye lile boksi lililofifia. Kuna kiwango cha kimataifa cha kuhifadhi bidhaa za mpira, ISO 2230, kinachopanga mipira kwa makundi. Mpira wa asili hupewa miaka 5 stoo, na ukikaguliwa ukaonekana mzima huongezewa 2. Mpira wa naitraili, ambao ndio uliotumika sana kwenye daiframu na paipu za petroli za magari haya, hupewa miaka 7, na baada ya kukaguliwa huongezewa 3. Mpira wa FKM, unaostahimili petroli na ethanoli, ambao wengi tunaujua kwa jina la kibiashara la Viton, hupewa miaka 10 na nyongeza ya 5. Na hiyo ni kwa mpira uliotunzwa inavyotakiwa, gizani, pasipo joto, mbali na mashine zinazotoa ozoni. Pampu iliyotengenezwa mwaka 1979 yenye daiframu ya naitraili ilimaliza muda wake mwaka 1989 hata kama stoo ilikuwa bora kuliko zote duniani. Anayeiuza leo kama mpya anauza chuma kizuri chenye mpira uliopitwa na wakati.

Juu ya umri kuna petroli yenyewe. Petroli ya leo haifanani na ile waliyokuwa nayo wahandisi walipochora magari haya. Brazil ilianzisha mpango wake mkubwa wa kutumia ethanoli mwaka 1975, Ufaransa ikaanza kuuza E10 mwaka 2009, Ujerumani mwaka 2011, na Uingereza ikaifanya E10 kuwa petroli ya kawaida kuanzia Septemba 2021. E10 maana yake ni petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10. Ni kiasi kidogo, lakini ethanoli huyeyusha shelaki, ile vanishi iliyopakwa kwenye maboya na gasketi za zamani za koki, lile gome jepesi linalotengenezwa vizibo vya chupa. Hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yakituama yanakula aloi ya zinki ya kabureta. Huvimbisha baadhi ya mipira, kisha gari likikaa na mfumo ukakauka, mpira uleule unasinyaa na kupasuka. Tena hung'oa gamu iliyoganda ndani ya tangi kwa miaka mingi na kuipeleka kwenye chujio, ndiyo maana gari lililolala muda mrefu huziba chujio mara tu linapofufuliwa, na mwenyewe analaumu pampu.

Kwa hiyo kila ninachokipanga hapa chini nimekipanga kwa mpira. Ukiona nimeweka orijino chini ya spea ya kampuni nyingine, sababu ni hiyo.

Nafasi ya kwanza: bodi uliyonayo, pamoja na ripea kiti mpya

Kabla hujatafuta kitu cha kununua, fungua ulichonacho. Pampu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa skrubu kuzunguka ukingo, kwa makusudi kabisa, ili daiframu na vali zibadilishwe. Bodi hiyo ni ya kiwanda kilichounda gari lako, tayari inakaa sawa na kamshafti, na springi yake inatoa presha ambayo kabureta yako iliizoea. Unachohitaji ni daiframu, vali na gasketi za mpira wa leo, vinavyouzwa kwenye pakiti moja iitwayo ripea kiti.

Jambo la springi nalisisitiza kwa sababu pampu nyingi za bei nafuu hukosea hapo. Kabureta za zamani za aina ya Zenith, Solex na SU zinataka presha ndogo sana, nyingi haziendi hata theluthi moja ya presha ya hewa inayotuzunguka. Pampu yenye springi ngumu inasukuma petroli mpaka inashinda nguvu ya boya na sindano vinavyoziba njia kabureta ikishajaa, kabureta inafurika, injini inatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi. Mtu anabadilisha sindano, anabadilisha boya, anaipeleka kabureta kwa fundi mwingine, kumbe pampu mpya ndiyo inayosukuma kupita kiasi. Ukibaki na springi yako ya kiwanda, tatizo hilo halikufikii.

Kabureta nayo ni hivyohivyo. Zenith 36 IV ya Land Rover Series imetukanwa sana kuliko inavyostahili. Injini haitulii sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, inakunywa petroli, inatoa moshi, na ushauri wa haraka ni kuitupa na kununua nyingine. Ukiifungua utakuta mambo mawili. Kuna oringi ndogo, yaani pete ya mpira, kati ya mfuniko wa juu na bloku ya ndani ambayo imekuwa ngumu na bapa, na mfuniko wenyewe umepinda kwa kukazwa kupita kiasi, hivyo petroli inapita pasipostahili. Mfuniko unasuguliwa juu ya kioo kilichonyooka kwa msasa wa maji mpaka uso wote ung'ae sawasawa, oringi mpya ya FKM inawekwa, skrubu zinakazwa kwa zamu bila kutumia misuli. Kabureta iliyohukumiwa kifo inarudi kazini kwa gharama ya oringi moja.

Ukinunua ripea kiti, muulize muuzaji swali moja tu: daiframu na sindano ni mpira wa aina gani? Akijibu FKM au Viton, au akikuonyesha maandishi ya mtengenezaji yanayosema inastahimili ethanoli, endelea. Akijibu "ni nzuri, wengi wanachukua", weka pesa yako mfukoni. Na ukipata pakiti yenye gasketi nyingi za karatasi na daiframu moja nyembamba isiyo na maandishi yoyote, jua umeuziwa karatasi.

Nafasi ya pili: mpya kutoka kwa anayemiliki jina la asili leo

Hapa sifichi upendeleo wangu. Kwa mwenye gari la Uingereza, naipenda Burlen ya Salisbury, na nitaendelea kuipendekeza. Ndiyo inayotengeneza leo kabureta, pampu na spea za SU, na Zenith pia. Kilichonivutia kwao ni kwamba hawakuishia kunakili michoro ya zamani. Wanauza sindano zenye ncha ya Viton, na waliyabadilisha maboya ya SU. Boya la zamani la shaba ni tupu ndani na limeungwa kwa risasi. Likipata tundu dogo kama la sindano, linajaa petroli, linazama, na kabureta inafurika usiku wakati gari limeegeshwa. Boya lao waliloliita StayUp ni gumu lisilo na uwazi ndani, kwa hiyo halina pa kujaa. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa gari la zamani: umbo lilelile, kitu kilichomo ndani kinachoendana na petroli tunayojaza.

Pampu za umeme za SU, zile za MGB na Morris Minor zinazogonga tik-tik ukiwasha swichi, nazo zina daiframu, na pia zina pointi zinazoungua. Gari likikaa miezi, pointi zinashika kutu na pampu inakaa kimya mpaka igongwe kwa mpini wa bisibisi. Toleo la kielektroniki halina pointi hizo. Wanaotaka kila kitu kiwe kama siku gari lilipotoka kiwandani watanipinga, lakini umbo la nje ni lilelile na mlio ni uleule, na mimi ningechukua la kielektroniki bila kusita.

Kwa magari ya Ujerumani yenye K-Jetronic, mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli kwenye injini bila kabureta, ulioanza kutumika mwaka 1973 na ukafungwa kwenye Mercedes W123 za 230E na 280E, sina ukarimu hata kidogo kwa spea za kubahatisha. Huko presha ni baa 5 hivi, na sehemu ndani ya kigawa mafuta, kinachogawia kila silinda petroli yake, zimechongwa kwa usahihi ambao karakana ya kawaida haiufikii. Nunua Bosch, au peleka sehemu yako kwa wanaozikarabati kwa vipimo. Na hapo pia mpira umejificha mahali ambapo wengi hawaangalii, ndani ya akumuleta ya petroli. Kazi yake ni kushikilia presha baada ya injini kuzimwa ili petroli isichemke kwenye paipu. Daiframu yake ikichanika, gari linawaka vizuri asubuhi likiwa baridi na kukataa kuwaka likiwa moto. Watu wamenunua kigawa mafuta kizima, spea ghali kuliko zote katika mfumo huo, kwa ugonjwa wa kijikopo cha chuma kilichofungwa jirani na pampu. Chomoa mpira mwembamba wa nyuma ya akumuleta. Ukiona petroli inatoka hapo, mgonjwa ni yeye.

Nafasi ya tatu: kampuni nyingine yenye jina lake yenyewe

Hapa nazungumzia mtengenezaji ambaye hakuwa ndiye aliyefungwa kwenye gari lako tangu kiwandani, lakini anaweka jina lake kwenye spea na analilinda. Weber ni mfano mzuri. Wenye Land Rover Series wengi huitoa Zenith na kufunga Weber 34 ICH. Ni kabureta ndogo, rahisi kuielewa, inaokoa petroli, ila ukipanda mlima na mzigo utahisi nguvu imepungua. Kama hilo unalikubali, ni chaguo la heshima. Utakutana na watu wanaotaka bei kubwa kwa sababu imeandikwa Bologna, mji ambako Edoardo Weber alianzisha kampuni mwaka 1923. Uzalishaji ulihamia Hispania miaka mingi iliyopita, na kabureta mpya kutoka huko ni nzuri. Usilipie jina la mji kwenye kabureta iliyotumika yenye shafti iliyolegea, mpira mkavu na historia isiyojulikana.

Ila nafasi hii ya tatu naithamini zaidi kwa ajili ya paipu za mpira, na hapa naomba uwe na subira kwa sababu nitakaa.

Mtu anakarabati kabureta, anabadilisha pampu, kisha anaunganisha yote kwa mita moja ya paipu isiyojulikana ilikotoka. Paipu ndiyo inayopita juu ya injini ya moto, karibu na distributa inayogawa cheche za umeme, na ikipasuka petroli haiendi mahali popote ila kwenye moto. Paipu nzuri imeandikwa ubavuni mwake kwa urefu wote. Tafuta maandishi SAE J30, kiwango cha chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, yakifuatwa na R na namba. R6 na R7 ni za presha ndogo, za magari ya kabureta. R9 ni ya presha kubwa, na ndani ina tabaka la mpira wa FKM. R14 inazuia mvuke wa petroli kupenya. Kwa gari la kabureta, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni R6, lakini mimi napendekeza R9 kwa kila gari la zamani kwa sababu ya lile tabaka la ndani. Jambo moja la kukumbuka: usitumbukize R9 ndani ya tangi. FKM iko ndani ya paipu tu, nje ni mpira wa aina nyingine ambao hautakiwi kuzama kwenye petroli. Ya kuzamishwa ni R10.

Maandishi pekee hayatoshi kwa sababu maandishi hughushiwa. Kata ncha ya paipu kwa wembe na uitazame kwenye mwanga. R9 ya kweli huonyesha matabaka: duara jembamba ndani, nyuzi katikati, mpira mwingine nje. Ukiona mpira wa rangi moja kuanzia ndani hadi nje, hiyo si R9 hata kama imeandikwa mara kumi. Kisha tafuta tarehe. Watengenezaji makini huchapisha robo ya mwaka na mwaka. Paipu isiyo na tarehe naiacha, na paipu ya zaidi ya miaka mitano naiacha pia, maana sijui ilikaa wapi. Majina ninayoyaamini ni Gates, Continental na Cohline.

Wenye Volkswagen ya Kobe na Porsche za zamani wana mtego wao. Paipu za magari hayo zilikuwa zimevikwa nyuzi za pamba kwa nje, zinapendeza, na wanaojali sura ya injini hawataki kuona nyingine. Tatizo ni kwamba nyuzi zile zinaficha mpasuko. Paipu nyeusi ya kawaida ikianza kuchoka utaiona inachanika ukiikunja. Ya nyuzi inaweza kuwa imekufa ndani na nje bado ikaonekana kama imetoka dukani. Volkswagen hizo injini yake iko nyuma, petroli inapita jirani na vitu vya moto, na nyingi zimeteketea kwa namna hiyo. Ukitaka ya nyuzi, nunua ile ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba ndani ni FKM, na uibadilishe kwa kalenda, usingoje macho yakuambie. Ukiwa hapohapo, shika kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta ya Solex ukizungushe kwa vidole. Kimesukumwa tu ndani ya bodi. Kikizunguka, siku moja kitachomoka na kumwaga petroli karibu na distributa. Usitundike chujio zito la plastiki kwenye paipu hiyo ya juu.

Na kipenyo ni jambo zito. Magari ya Ujerumani yanapimwa kwa milimita, ya Uingereza kwa inchi. Paipu ya robo inchi ni milimita 6.35, na haiwi ya milimita 5 kwa kukazwa klipu. Klipu zenyewe ziwe zile za ukingo uliokunjwa, zinazobana mzunguko mzima. Zile zenye matundu yanayoshikwa na skrubu zinakula mpira taratibu, nao unapasuka chini ya klipu ambapo huoni.

Nafasi ya nne: orijino iliyolala stoo

Najua nitapata barua za hasira kwa kuiweka hapa. Orijino iliyolala stoo ni kitu kizuri kwa mtu anayejua anachonunua, yaani bodi mpya ambayo haijalika. Inunue kwa nia hiyo, na ukifika nayo nyumbani usiifunge. Ifungue kwanza, toa kila kilicho cha mpira, koki na ngozi, weka kipya. Kama ni pampu isiyo na skrubu, iliyokunjwa ukingo wake kiwandani, isiyofunguka, basi haina thamani kwako hata ikiwa na muhuri wa kiwanda. Iache kwa wanaokusanya maboksi.

Jaribio la kidole litakusaidia dukani. Ziba tundu la kuingilia kwa kidole gumba, pandisha na ushushe mkono wa pampu mara kadhaa, usikie kama inavuta na kama mvuto unabaki kwa sekunde chache. Isipovuta, iache. Ikivuta usishangilie bado, kwa sababu daiframu kavu inaweza kuvuta vizuri leo na kuchanika ikishalowa petroli na kupata joto.

Hapa ndipo wauzaji wanaponitoa machozi ya hasira. Boksi la zamani limegeuzwa kuwa ndiyo bidhaa. Kadiri boksi linavyochakaa, bei inapanda, wakati ukweli ni kwamba kila mwaka unaopita kilichomo ndani kinapungua thamani. Ukiuliza tarehe ya kutengenezwa unajibiwa kwamba spea hizi hazina tarehe. Zinazo. Pampu nyingi zina alama zilizogongwa kwenye bodi, na muuzaji anayeishi kwa biashara hiyo anajua kuzisoma. Ukifunga na ikavuja, unaambiwa sehemu ya mafuta ikishalowa petroli hairudishwi. Sasa mteja atajuaje kwamba pampu ya petroli inavuja bila kuitia petroli? Sharti hilo linamlinda muuzaji dhidi ya mtu pekee anayeweza kuugundua ubovu.

Kuna na hili la neno orijino kutumika kwa kila kitu. Wengine humaanisha spea iliyo kwenye boksi la kampuni ya gari. Wengine humaanisha iliyotoka kwa kiwanda kilichoiuzia kampuni ya gari, ambayo mara nyingi ni kitu kilekile bila boksi na kwa bei ya chini. Wengine humaanisha ina umbo kama la orijino, basi. Na majina makubwa ya zamani leo hukodishwa, hivyo jina ulilolikuta kwenye gari la babu yako linaweza kuwa limebandikwa juu ya kitu ambacho kiwanda kile hakikuwahi kukiona. Muulize muuzaji kwa maandishi: nani ametengeneza, nchi gani, lini, mpira wa aina gani. Maandishi ndiyo yatakayokusaidia siku ya kudai pesa yako.

Nafasi ya tano: nakala zisizo na jina

Pampu isiyofunguka, kabureta inayofanana na Zenith au Weber lakini haina jina la mtu anayewajibika, chujio la plastiki linalopatikana ndani ya pakiti tano. Kabureta za namna hii mara nyingi huwa na jeti, vile vitundu vinavyopima petroli, zisizolingana na namba zilizoandikwa juu yake, na hakuna ripea kiti itakayoziingia. Kama umekwama njiani na ndiyo pekee iliyopo, ifunge ufike, kisha itoe.

Chochote utakachochagua, pampu au kabureta ya kiwanda uliyoitoa usiitupe na usimwachie fundi kama chuma chakavu. Isafishe, ipake oili, ifunge kwenye mfuko na uandike ilitoka gari gani. Na kwenye kila paipu mpya unayofunga, andika mwezi na mwaka kwa kalamu ya rangi nyeupe, mahali panapoonekana ukifungua boneti.